Pembe Haina Jina Ikiwa Peke Yake

Kwanza nilisikia kitu kikichanika. Krrraaa, kisha kimya, kisha krrraaa tena, ndefu kuliko ile ya kwanza, kama mtu anayepasua shuka kwa hasira. Nilikuwa bado nimejifunika gubigubi. Katika ule usingizi wa alfajiri unaokubali jambo lolote, nilidhani wifi yangu ameshindwa kuvumilia na sasa anayachana mapazia.

"Wifi," sauti yake ikaniita kutoka sebuleni, "umeamka? Niko na haja na wewe kwa kona."

Nilitoka na blanketi mabegani. Nje, boza, lori la kuuza maji, lilikuwa likirudi nyuma kwenye uchochoro wetu na mlio wake wa pii-pii, na vumbi la Kitengela lilikwisha kuingia kupitia chini ya mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Makochi yote yalikuwa yamesukumwa ukutani. Zulia la mama lilikuwa limekunjwa na kusimamishwa nyuma ya friji. Katikati ya sakafu tupu, wifi yangu alikuwa amepiga magoti, utepe wa gundi mkononi, ule ambao mafundi wa rangi hutumia kuzuia rangi isimwagikie dirisha. Alikuwa ameubandika sakafuni mistari miwili mirefu, kutoka upande wa televisheni hadi upande wa jikoni, na sasa alikuwa akiung'ata kwa meno ili akate kipande cha mstari wa tatu, utakaokatiza ile miwili kwa mshazari.

"Hapa ndipo nitapita ama nitazikwa," alisema, na akacheka.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya tuliohamia Kitengela kwa sababu kaka anafanya kazi Nairobi na nyumba za huku zilikuwa na nafasi ya kupumua. Yeye ni Mmaasai wa upande wa Kajiado, binti wa watu wenye ng'ombe na maneno machache, na alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. Alikuwa amebakiza jambo moja tu, somo moja la mwisho la mazoezi ya kufundisha, mbele ya mhadhiri kutoka chuoni, katika shule moja mjini Kajiado. Katika jambo hilo moja alikuwa ameshaanguka mara ya kwanza. Chuo chake huruhusu mtu kurudia mara moja tu. Akianguka tena, anatoka, na miaka yote aliyosoma huku akinyonyesha na kupika na kuamka kabla ya jogoo inakuwa hadithi ya kusimuliwa kwa sauti ya chini kwenye harusi za watu.

Mara ile ya kwanza alikuwa amefundisha mada ambayo hata mwandishi kama mimi, niliyeihama hisabati kama mtu anavyohama nyumba yenye kunguni, niliikumbuka kwa mbali. Mistari miwili ipo, mstari wa tatu unakuja kuikata, na hapo zinazaliwa pembe nane. Kazi ya mwanafunzi ni kuzitaja zikiwa jozi jozi. Vitabuni majina hayo ni ya Kiingereza na darasani husemwa kwa Kiingereza. Hapa nayaandika kama tulivyoyazoea nyumbani: pembe za nafasi moja, pembe mbadala za ndani, pembe mbadala za nje, na pembe za ndani za upande mmoja. Wifi alikuwa amewafundisha watoto kwa herufi, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Ukiona F, hizo ni za nafasi moja. Ukiona Z, ni mbadala. Ukiona C, ni za ndani za upande mmoja. Wakaimba F, Z, C mpaka madirisha yakaitikia. Kisha mhadhiri akainuka kutoka nyuma, akaitoa ubaoni karatasi kubwa iliyochorwa mistari hiyo, akailaza ubavu, akauliza: "Na sasa?"

Darasa likawa kama kanisa Jumatatu. Mwishowe kijana mmoja akainua mkono kwa adabu akasema, "Madam, hiyo ni N. Hatujafundishwa N."

Wifi alipotusimulia jioni ile alicheka hadi akalia, na tukagundua baadaye kidogo kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha zamani na kilichobaki ni kilio.

Ndiyo sababu ya utepe sakafuni. Alikuwa ameapa kwamba safari hii hakuna herufi.

"Simama hapo," aliniambia, akinionyesha kona moja ambapo utepe ulikutana na utepe. Nikasimama na blanketi langu. Kisha akageuka kwenye mlango wa chumba cha pili, ambapo mama yangu alikuwa ametokea, kitenge kifuani, miwani kichwani, macho yakitafuta zulia lake.

"Paker," wifi alimwita, "tafadhali nisaidie. Simama pale juu, mkono wa kulia."

Mama alitazama sakafu kwa muda mrefu. "Juu ni wapi? Kwa TV ama kwa jikoni?"

Wifi aliiangalia sakafu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kisha akarusha utepe hewani akaudaka.

"Paker, umeniokoa! Sakafu haina juu! Aliyekaa kwa dirisha anaona hivi, aliyekaa kwa mlango anaona vile. Hakuna kusema juu wala chini, hakuna kulia wala kushoto. Hakuna F!"

"Mimi nimeuliza tu nisimame wapi," mama alisema. "Miguu inauma."

Hivyo tukaanza kutafuta maneno mengine, sisi watatu, bila chai. Tulizunguka utepe ule kama watu wanaonunua kiwanja. Kila jambo tulilosema lililohitaji juu au chini tulilitupa. Lililobaki lilikuwa dogo na safi, nami nalikumbuka kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Yalikuwa maswali mawili tu. La kwanza: uko ndani, katikati ya ile mistari miwili, au uko nje? La pili: wewe na mwenzako aliye kwenye makutano mengine, mko upande mmoja wa huu unaokatiza, au amekaa ng'ambo? Ukijibu hayo, jina linakuja lenyewe. Wote ndani, mmoja huku na mmoja ng'ambo: mbadala za ndani. Wote nje, mmoja huku na mmoja ng'ambo: mbadala za nje. Wote ndani, upande mmoja: jina lake ni hilo hilo. Upande mmoja, lakini mmoja ndani na mwingine nje: nafasi moja, kama majirani wawili wanaokaa nyumba ya kona, kila mmoja katika mtaa wake.

"Haya," mama alisema. Alikuwa karani wa hospitali mpaka alipostaafu, na hapendi jambo liachwe bila kufungwa. "Mimi hapa nilipo naitwa nani?"

"Peke yako huitwi kitu, Paker."

"Nini?"

"Huna jina. Mpaka nijue uko na nani."

"Umri huu wote," mama alinigeukia mimi, "umri huu wote duniani, niambiwe siitwi kitu! Na ndani ya nyumba ya mwanangu!"

Nilicheka. Wifi hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya visigino vyake, utepe umemponyoka, na uso wake ulikuwa umeingia ule utulivu ninaouona kwa watu wake wanapotazama mvua ikija kutoka mbali.

"Ni kama Paker," alisema polepole.

Hapa lazima nieleze. Kwa Wamaasai, watu wawili waliopeana mnyama huacha kuitana kwa majina yao. Ukinipa ng'ombe, mimi nakuita Pakiteng', na wewe unaniita Pakiteng'. Mbuzi ni Pakine. Kondoo ni Paker. Jina ni moja, na linaenda na kurudi. Siku wifi alipoingia kwetu kama bibi harusi, wazee wa kwao walimweleza mama kwamba mama mkwe humpa mke wa mwanawe kondoo. Mama akatoa kondoo, jike zuri lenye kichwa cheusi, na watu wakapiga vigelegele. Kuanzia siku hiyo wifi akamwita Paker. Mama aliitika, maana si mtu wa kukosa adabu. Lakini hakuwahi kumrudishia. Kwetu mama mkwe huitwa mama, na moyoni alihisi amenyimwa kitu chake. Nilimsikia siku moja jikoni akinung'unika: "Mtu mzima aitwe kondoo?" Yeye alimwita wifi "msichana wetu," au "mke wa mwanangu," au, siku za haraka, "wewe." Tulikuwa tumezoea hivyo, kama watu wanavyozoea kiti chenye mguu mfupi.

"Paker si jina lako," wifi alisema sasa, bila kuinua macho. "Si langu pia. Ukienda sokoni peke yako hakuna Paker sokoni. Lipo tu hapa kati yetu. Na hizi pembe ni hivyo. Nilikuwa nafundisha watoto kwamba hii pembe inaitwa hivi na ile inaitwa vile, kama majina ya ubatizo. Si ya ubatizo. Ni ya watu wawili."

Boza nje lilikuwa limekwisha kushusha maji, na kukawa kimya. Mama aliishusha miwani kutoka kichwani akaivaa.

"Kwa hivyo," alisema, "siku zote ukiniita hilo jina, nami nikinyamaza..."

"Linabaki na mguu mmoja, Paker. Lakini linasimama. Si nimekuwa nikilishikilia?"

Mama alitazama chini, kama anayetafuta mahali pa kuweka macho, na yakiwa hapo chini macho yake yakapata kazi nyingine.

"Huu utepe umepinda," alisema.

"Wapi?"

"Huku kwa jikoni mistari imekaribiana, kule kwa TV imeachana. Mimi hapa nimetandika zulia na kulitandua kila wiki, siwezi kudanganywa na sakafu yangu."

Alikuwa amesema kweli. Wifi alibandika alfajiri, kwa macho yenye usingizi, na mistari miwili iliyopaswa kuwa sambamba ilikuwa ikielekeana kama watu wawili wenye siri. Wifi alileta kile kipimapembe kikubwa cha mbao cha ubaoni, akapima pembe yangu, akapima ya mama, ambayo kwa hesabu zetu ilikuwa ya nafasi moja na yangu. Hazikuwa sawa. Akapima tena. Akakaa chini kabisa, mgongo ukutani.

"Sasa nimekwisha," alisema. "Pembe za nafasi moja ni sawa. Ndivyo niliandika ubaoni. Ndivyo kitabu kinasema. Hizi si sawa. Kwa hivyo hazina jina? Tumekuwa tukifanya nini hapa tangu asubuhi?"

Mimi sikuwa na msaada. Nilisema kitu cha kijinga, kwamba tubandue utepe tuubandike vizuri na tusahau. Alitikisa kichwa. "Na mhadhiri akichora iliyopinda? Nitambandua na yeye?"

Ndipo mama yangu alipofanya jambo ambalo nimekuwa nikitaka kuliandika tangu siku ile, na nililiogopa kwa sababu lilikuwa dogo sana kwa macho. Hakuondoka kwenye kona yake. Alinyoosha kidole kwenye miguu yake mwenyewe.

"Si umesema jina ni la mahali mtu amesimama?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeondoka?"

"Hapana."

"Na huyu na blanketi lake ameondoka?"

"Hajaondoka."

"Basi jina limeenda wapi?" Mama alivuta pumzi. "Sikiliza. Mimi na wewe hatuko sawa. Mimi nimekuzidi umri, na wewe umenizidi shule. Mimi ni wa kwetu, wewe ni wa kwenu. Hakuna kipimo kitatupata sawa. Lakini kondoo alitoka mkononi mwangu akaingia mkononi mwako, na hilo halipindiki. Kuwa sawa ni kazi ya mistari. Jina ni la mahali. Jina bado lipo." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeonja chakula cha wageni kwa mara ya kwanza mbele ya mwenye nyumba: "Umesikia, Paker?"

Wifi aliinuka, akavuka utepe, na badala ya kumkumbatia aliinamisha kichwa mbele yake kama watoto wa kwao wanavyowainamia wakubwa. Mama, ambaye alikuwa ameishi Kitengela miaka mingi akiwaona majirani wakifanya hivyo bila yeye kuthubutu, aliweka kiganja chake juu ya kichwa kile. Mimi nilikuwa bado kwenye kona yangu. Niliona kwamba sitaweza kuondoka bila kukanyaga kitu, kwa hivyo nilibaki palepale nikalia ndani ya blanketi, kwa raha sana.

Tulikunywa chai saa nne. Mama alimwita Paker akitaka sukari. Alimwita akitaka kijiko. Alimwita, nadhani, bila kutaka kitu.

Siku ya somo, upepo wa Kajiado ulikuwa umeamka kabla yetu. Ni upepo wa mji ulio wazi pande zote, unaokuja na harufu ya mavi ya mbuzi na ya majani makavu. Siku ile ilikuwa ya soko la mifugo, na milio ya ng'ombe ilifika hadi darasani. Mwalimu mkuu aliniruhusu kuketi nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimembebea wifi kipimapembe na roli za utepe, na kwa kuwa, nadhani, nilionekana mwenye hofu kuliko mwanafunzi yeyote.

Mhadhiri alikuwa yuleyule. Alikuwa mama wa makamo mwenye lafudhi ya Ukambani na sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote. Aliketi kando yangu, akatoa kalamu, akamwambia wifi: "Endelea, mwalimu. Mimi sipo." Nilimwonea wifi huruma. Hakuna mtu aliyepo kama yule anayesema hayupo.

Madawati yalisukumwa ukutani. Utepe ulilia krrraaa juu ya saruji, na watoto wa gredi ya nane wakacheka kwa sauti ile. Wifi alibandika mistari miwili, na safari hii aliwapa wanafunzi wapime umbali kati yake mwanzo na mwisho, mpaka wote wakakubali kwamba ni sambamba. Kisha mstari wa mshazari. Akachagua wanafunzi, mmoja kila kona, na waliobaki akawazungusha pande zote nne za chumba.

"Kabla hatujaanza," alisema, "nani hapa amewahi kupewa mbuzi?"

Mikono iliinuka kama nyasi. Kijana mrefu karibu na dirisha alisema amepewa na rafiki wa babake.

"Unamwitaje huyo rafiki?"

"Pakine."

"Na yeye anakuitaje?"

"Pakine!" darasa zima lilimjibia.

"Haya. Huyo rafiki akiwa porini peke yake, hakuna mtu, ni yeye na miti. Pakine ni nani hapo?"

Msichana mmoja mdogo wa mwili, aliyekuwa amesimama katika kona ya nje, akasema, "Labda mbuzi, ticha."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Hata mhadhiri, ambaye hakuwepo, alitoa sauti puani. Aliniinamia akaniuliza kwa kunong'ona, "Hii Pakine ni kitu gani?" Nikamweleza kwa kunong'ona. Aliacha kuandika.

"Hakuna Pakine peke yake," wifi alisema kicheko kilipotua. "Sasa wewe kwenye kona. Unaitwa nani?"

"Siitwi, ticha. Mpaka nipewe mwenzangu."

Na hapo somo likapata mbawa. Aliwafundisha yale maswali mawili na akakaa kando. Wao ndio waliofundishana. "Wewe uko ndani?" "Niko ndani." "Mwenzako?" "Ndani." "Amekaa upande wako?" "Hapana, amekaa ng'ambo." "Mbadala za ndani!" Wakabadilishana kona. Wakasukumana. Wawili walibishana kama mawakili juu ya nani yuko nje, na waliokuwa dirishani wakaamua. Mmoja alijaribu kudai jozi na jirani wa makutano yaleyale, wakamkatalia wote: "Huyo ni wa boma lako! Tafuta wa boma lingine!" Hakuna aliyesema juu. Hakuna aliyesema kulia. Walikuwa wamesimama pande zote nne za dunia, na walikuwa wakiona kitu kimoja.

Wifi alizunguka katikati yao, mikono nyuma, kipimapembe kikining'inia kama ngao. Niliutazama mgongo wake. Ulikuwa umenyooka. Sijui niseme vipi furaha ya kuutazama mgongo wa mtu unayempenda ukinyooka mbele ya macho yako. Walipima pembe za nafasi moja, zikawa sawa. Walipima mbadala za ndani, zikawa sawa. Walijumlisha zile za ndani za upande mmoja, zikafika nyuzi mia na themanini, zikanyooka kuwa mstari. Kila jibu walilipokea kwa kelele, kana kwamba ni bao.

Kisha kiti kando yangu kikakwaruza sakafu. Mhadhiri alikuwa amesimama.

"Mwalimu, unaniruhusu?"

Wifi alisema, "Karibu sana." Mhadhiri alitembea hadi ubaoni, akachukua chaki, akachora mistari miwili, na mikono yake haikuharakisha. Mistari haikuwa sambamba. Kipofu angeona. Ilielekeana, ikikaribia kukutana ukingoni mwa ubao. Akaikata kwa mstari wa tatu. Akatia alama pembe mbili, moja kwenye kila makutano, upande mmoja, moja ndani na moja nje. Kisha hakumtazama wifi. Aliwageukia watoto.

"Hizi mbili zinaitwaje?"

Sauti nyingi: za nafasi moja.

"Ni sawa?"

Darasa likasita. Nilisikia ng'ombe sokoni. Wifi hakufungua kinywa, na nilijua anavyoumia kutokifungua, maana jibu lote alikuwa nalo, lilikuwa limempata ukutani Kitengela. Lakini si yeye aliyeulizwa. Kilichokuwa kikipimwa ni kama lilikuwa limevuka kutoka kwake.

Msichana yule mdogo, yule wa mbuzi, alitembea hadi ubaoni bila kuitwa. Alikaza macho.

"Si sawa, madam."

"Kama si sawa, basi tumezipa jina la uongo. Tulifute?"

"Hapana!" Alisema kwa nguvu mpaka akajishtua mwenyewe. Akateremsha sauti. "Jina linatoka mahali zimekaa. Zimekaa vizuri. Ni mistari imekosana. Madam, mtu anaweza kukupa mbuzi na wewe umpe mbuzi mkubwa kuliko wake. Mbuzi hawako sawa. Bado ni Pakine."

"Na ili ziwe sawa, nifanye nini?"

"Nyoosha mistari yako," alisema msichana.

Wenzake walingoja kuona kama ataadhibiwa. Kisha mhadhiri alianza kucheka. Alicheka akiwa ameushika ubao, vumbi la chaki likimwangukia sweta, akacheka mpaka akafungua kifungo cha juu ili apate pumzi. Darasa liliona ruhusa na likalipuka. Walipiga madawati, walipiga makofi, kijana mrefu alimwinua msichana yule kwa viwiko kama kombe, na wifi yangu alisimama katikati ya utepe wake, mdomo wazi, akicheka na kujifuta macho kwa mkono wenye chaki mpaka uso ukawa mweupe nusu.

Mhadhiri alirudi nyuma kuchukua mkoba wake. Aliniambia mimi, kana kwamba ndiye niliyefundisha, "Nimekaa kwenye madarasa mengi." Alipofika mbele alimpa wifi mkono, na wifi akaushika kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," alisema, na neno hilo halikuwa tena la adabu, "andaa joho. Tutaonana siku ya mahafali."

"Madam, unamaanisha nimepita?"

"Ningekuwa nimekuja kununua ng'ombe, ningekwambia bei. Nimekuja kukwambia umepita."

Watoto hawakungoja tafsiri. Kelele iliyofuata ilikuwa kubwa mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani kuona kama kuna nyoka. Mhadhiri aliinua mkono kuaga. Akaruka utepe kwa uangalifu bila kuukanyaga, akafunga tena kifungo chake kwa ajili ya upepo, akatoka uani, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.